Jenereta Ndogo Nyumbani: Kuiwasha Bila Kudhuru Watu Wala Kumnyima Jirani Usingizi

Mgao mkali wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 uliingiza jenereta ndogo katika nyumba nyingi za Dar es Salaam. Tangu mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye megawati 235, ianze kuzalisha umeme Februari 2024, nafuu imekuwa kubwa. Lakini transfoma ya mtaa bado huungua, nguzo huanguka wakati wa masika, na laini huzimwa kutwa nzima kwa matengenezo. Jenereta zile hazijauzwa. Nyingi zimekaa stoo, na siku zikihitajika zinatolewa gizani, kwa haraka, huku watoto wanalia joto na samaki wameanza kuyeyuka barafu.

Mwongozo huu ni wa jenereta ya petroli ya kubebeka, ya kilowati 1 hadi 5 hivi, kwa nyumba ya familia. Msingi wake ni mmoja: kelele ya jenereta hupunguzwa kwa umbali, kwa mzigo unaolingana na mashine, na kwa kuiwasha saa chache. Haipunguzwi kwa kuifungia. Karibu kila mbinu ya kuinyamazisha inayoonekana mitaani, kama kuiingiza jikoni, kuifunika pipa au kuiweka stoo na kurudishia mlango, ni mbinu inayoweza kuua familia nzima usiku mmoja.

Hatua ya kwanza: elewa moshi wake

Injini ya petroli hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Harufu ya ekzosi unayoisikia ni ya vitu vingine, na gesi hii inaweza kujaa chumbani hata pale ambapo hunusi chochote. Ndiyo gesi ile ile ya jiko la mkaa lililoingizwa ndani usiku wa baridi, ambayo watu wa Mbeya, Njombe na Limuru wanaijua kwa misiba. Tofauti ni kwamba jenereta huitoa kwa wingi zaidi na kwa kasi zaidi.

Ikishavutwa, hushika chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mwili unakosa hewa huku mtu anapumua kama kawaida. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea na mawazo kuchanganyika. Kwa mazingira yetu mtu husema ni malaria, au chakula cha mchana. Ishara ya kutofautisha ni hii: watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaanza kuumwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Aliyelala hapati hata nafasi ya kusikia dalili hizo.

Nchini Marekani, ambako takwimu hizi hukusanywa kila mwaka, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji inakadiria kuwa watu wapatao 100 hufa kila mwaka kwa gesi ya jenereta za kubebeka. Wengi hufia majumbani mwao, umeme ukiwa umekatika baada ya dhoruba. Hawa ni watu waliotaka taa na friji tu.

Mtu akizidiwa, zima mashine, mtoe kwenye hewa safi, mpeleke hospitali na useme wazi kwamba amevuta moshi wa jenereta. Usipoteze muda kumnywesha maziwa. Gesi iko kwenye damu, haiko tumboni, na asiyejitambua anaweza kupaliwa. Kinachomsaidia ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida mwili huchukua saa nne hadi tano kuondoa nusu ya gesi hiyo, na kwa oksijeni safi muda hushuka hadi saa moja na nusu au pungufu. Pia usiridhike na kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni. Hakiwezi kutofautisha oksijeni na kaboni monoksaidi, hivyo kitaonyesha namba nzuri huku mgonjwa anakufa. Ukimkuta mtu ameanguka ndani na mashine bado inaunguruma, usijitose ukakaa humo ukimhangaikia. Fungua milango, ita watu, mtoe haraka. Namba ya Zimamoto na Uokoaji Tanzania ni 114.

Hatua ya pili: tafuta mahali pa kuiweka

Hapa ndipo pa kutumia muda wako, kwa sababu mahali pazuri humaliza nusu ya tatizo la moshi na nusu ya tatizo la kelele kwa pamoja.

Kipimo ni angalau mita 6 kutoka kwenye mlango au dirisha lolote, lako na la jirani, mdomo wa ekzosi ukielekea nje, mbali na nyumba. Mita 6 ni kama hatua nane za mtu mzima. Pima kwa miguu mchana, kabla ya siku ya giza. Unapopima, usisahau matundu ya hewa juu ya madirisha, uwazi ulio kati ya bati na ukuta, na madirisha ya vibao ambayo hayafungi vizuri. Nyumba zetu zimejengwa ili zipitishe upepo, na moshi hupita na upepo huo huo. Kufunga dirisha la upande wa jenereta kunasaidia kidogo sana ikiwa darini kuko wazi.

Upepo wenyewe unabadilika. Kwa mtu wa pwani hili si geni: kusi huvuma kutoka kusini kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, kaskazi hutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi. Mahali palipokuwa salama wakati wa kaskazi panaweza kuleta moshi wote sebuleni wakati wa kusi. Basi weka alama mbili uwani, moja kwa kila msimu, na siku yenyewe angalia moshi unaelekea wapi kabla ya kurudi ndani.

Mahali pasipofaa: varanda, baraza yenye ukuta pande tatu, gereji hata mlango ukiwa wazi, jiko la nje lililoezekwa na kuzungushiwa ukuta, chini ya ngazi, uchochoro kati ya nyumba mbili, na roshani ya ghorofa. Uchochoro ni mbaya kuliko watu wanavyodhani. Moshi unakaa humo, na kelele inagonga ukuta huu na kurudi ukuta ule hadi inamfikia jirani kwa nguvu zaidi.

Sasa, sababu kubwa ya watu kuiweka ndani ni wezi. Tuiseme wazi, kwa sababu mwongozo unaosema "weka nje" bila kujibu swali la wezi hausaidii mtu wa Mbagala wala wa Kayole. Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee kizimba cha nondo, chenye paa la bati na pande zote wazi kwa hewa. Miguu yake izamishwe kwenye zege, au ifungwe kwa bolti kwenye slabu. Mashine ikae ndani na mnyororo upite kwenye fremu yake. Kizimba kiache nafasi ya kutosha pande zote, mita moja ikiwezekana, ili injini ipate hewa na mkono wako ufikie koki ya mafuta. Bati hilo la juu pia linazuia mvua, na jenereta haitakiwi kulowa hata kidogo inapofanya kazi. Gharama ya kizimba ni ndogo ukilinganisha na mashine, na familia inalala ikiwa salama kwa yote mawili.

Na kama uwanja wako hauna mita 6? Nyumba nyingi za Tabata, Sinza au Eastleigh hazina. Basi jenereta haifai nyumba hiyo, hata kama fedha ya kuinunua ipo. Chukua betri na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa kawaida wa nyumbani), au sola ndogo. Au mzungumze na majirani wawili watatu mchangie mashine moja ikae kwenye uwazi wa pamoja, kila nyumba ikiwa na waya na breka yake, kazi hiyo ikifanywa na fundi mwenye leseni. Siwezi kumshauri mtu apunguze umbali huo.

Kengele ya kaboni monoksaidi inayotumia betri, ukiipata dukani, iweke karibu na vyumba vya kulala. Ni kinga ya ziada, na haikupi ruhusa ya kusogeza mashine karibu.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya mzigo

Mashine iliyozidiwa hupiga kelele kuliko kawaida, hupata joto na huunguza vifaa. Mashine kubwa mno kwa mzigo mdogo nayo hunywa mafuta bure. Soma kibandiko. Utakuta uwezo wa juu na uwezo wa kudumu. Wauzaji hupenda kutaja ule wa juu, ambao mashine huumudu kwa muda mfupi tu. Hesabu yako ifanye kwa uwezo wa kudumu. Ikiwa imeandikwa kVA, zidisha kwa 0.8 upate kilowati: 2.5 kVA ni kama kilowati 2.

Chukua nyumba ya kawaida usiku. Taa sita za LED za wati 9 ni wati 54. Televisheni 80. Feni mbili 120. Ruta ya intaneti 12. Simu nne zikichajiwa 60. Friji 150. Jumla ni wati 476. Lakini mota ya friji inapoanza kuzunguka huvuta mara tano au zaidi kwa sekunde moja au mbili, kwa hiyo acha nafasi ya wati 1,000 kwa ajili yake peke yake. Kilowati 2 za kudumu zinaitosha nyumba hii vizuri, na injini haitahangaika.

Pampu ya maji ya nusu hosipawa ina tabia hiyo hiyo kwa ukubwa zaidi. Ikizunguka huvuta wati 600 hivi, ikianza hupita 1,800. Jaza simtanki kwanza, friji ikiwa imezimwa, kisha zima pampu uwashe friji. Pasi, birika la umeme, hita ya kuogea na jiko la umeme viache kabisa.

Walioko nyanda za juu wapunguze hesabu. Hewa ni nyepesi huko, na injini hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Nairobi na Mbeya ziko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo mashine ya kilowati 2 inakaribia kuwa ya 1.6.

Ukiwa bado hujanunua, jua kwamba zipo aina mbili. Ile ya kawaida yenye fremu wazi lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika muda wote ili itoe umeme wa hezi 50. Hata ukiwasha taa moja, inaunguruma karibu sawa na ikibeba friji. Jenereta ya inveta, ile iliyofungwa kwenye gamba la plastiki kama sanduku la safari, hupunguza kasi mzigo ukipungua. Kwa umbali wa mita 7 aina hii husikika kwa desibeli 50 hadi 60, na ile ya kawaida 65 hadi 75. Tofauti ya desibeli 10 sikio hulisikia kama nusu ya kelele. Ni ghali zaidi, lakini kwa mtaa wenye nyumba zilizobanana mimi ningenunua ndogo ya inveta kuliko kubwa ya kelele kwa bei ileile. Zile ndogo sana za stroki mbili, ambazo oili huchanganywa na petroli, zina bei nafuu lakini moshi wake ni mwingi. Fuata kipimo cha kibandiko. Kikiwa 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili kwa lita moja.

Hatua ya nne: fikisha umeme ndani kwa njia halali

Njia rahisi ni ekstensheni kutoka kwenye soketi ya jenereta moja kwa moja hadi kwenye vifaa. Tumia waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, wenye nyaya tatu, mmoja ukiwa wa ethi (wa kupeleka ardhini umeme unaovuja), usiozidi mita 25. Kwa mzigo wa nyumba tuliyoihesabu hautapoteza volti za maana. Kama waya umezungushwa kwenye kibiringo, uachie wote. Ukibaki umejiviringa unapata joto hadi plastiki inayeyuka. Usiupitishe chini ya zulia wala kuubana na mlango wa chuma.

Njia ya pili ni kuunganisha na nyumba nzima, na hapa lazima iwepo chenjiova, ile swichi kubwa ya nafasi tatu: umeme wa mtaa, sifuri, jenereta. Kazi yake ni kuhakikisha vyanzo viwili havikutani hata kwa bahati mbaya. Nchini Tanzania mafundi umeme hupewa leseni na EWURA, na Kenya na EPRA, mamlaka za kudhibiti nishati. Mwombe fundi akuonyeshe leseni, na akimaliza mwambie akuthibitishie kwa kipimo mambo mawili: kwamba ethi ya nyumba inafanya kazi, na kwamba swichi ya kukinga mtu asipigwe shoti inakatika pia wakati nyumba iko kwenye jenereta. Jenereta nyingi ndogo hazijaunganishwa nyutro (waya wa kurudishia umeme) na ethi, na bila kurekebishwa swichi hiyo inaweza kukaa tu pasipo kukukinga.

Njia ya tatu ipo mitaani na inafaa kukomeshwa: waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya ukutani. Ukichomoa upande mmoja, meno uliyoshika mkononi yana volti 230. Halafu, mtu akisahau kuzima swichi kuu, umeme wako unatoka nje hadi kwenye transfoma ya mtaa, nayo inaupandisha kurudi kwenye laini ya volti 11,000 au 33,000. Juu ya nguzo kuna fundi wa TANESCO au wa Kenya Power aliyeambiwa laini imezimwa. Na umeme wa mtaa ukirudi ghafla, jenereta yako inaungua, pengine na nyumba.

Dalili moja ya kujikagua: mtaa ukiwa giza na jenereta ikiwa inafanya kazi, angalia mita yenyewe ya LUKU, siyo kile kidude cha kuingizia namba ambacho kina betri zake. Taa za mita zikiwaka, umeme wako umefika kwenye mita. Zima mara moja, mwite fundi.

Hatua ya tano: punguza kelele bila kuziba hewa

Umbali kwanza. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili kelele hushuka kwa desibeli 6. Kutoka mita 3 hadi 6 umepunguza 6, kutoka 6 hadi 12 umepunguza 6 nyingine. Waya wa mita kumi zaidi ni rahisi kuliko kifaa chochote cha kunyamazisha kinachouzwa.

Kisha zuia mtikisiko. Mashine iliyokalia slabu tupu au bati hufanya ardhi na ukuta vyote viimbe. Kata vipande vinne vya mpira wa tairi la zamani, viweke chini ya miguu, au mimina mchanga ndani ya fremu ya mbao na uiweke juu yake. Hakikisha imekaa sawa, maana ikiinama oili hukusanyika upande mmoja. Kaza nati zilizolegea, hasa za gamba la ekzosi. Mlio mwingi wa chuma kwa chuma hutoka hapo, na spana tu inautosha.

Ukuta wa kukinga unafanya kazi ukijengwa sawasawa. Panga tofali au magunia ya mchanga kati ya mashine na dirisha la jirani, kimo kizidi mashine kiasi kwamba ukiwa dirishani huioni, umbali wa mita moja hadi moja na nusu kutoka kwenye injini. Juu pawe wazi, na upande wa ekzosi pawe wazi. Usitumie godoro, sponji wala mbao karibu na ekzosi, vinashika moto. Usiifunike kwa pipa au sanduku. Injini hizi hupozwa kwa hewa, na zikikosa hewa huanza kuvuta moshi wake zenyewe. Wala usiongeze bomba refu jembamba kwenye ekzosi. Linaikaba injini, na kwenye viungio moshi unavuja.

Elekeza ekzosi palipo wazi. Ikigonga ukuta wa fensi, sauti inarudi.

Muda ndio dawa kubwa kuliko zote hizi. Friji iliyofungwa bila kufunguliwa huhifadhi baridi kwa saa nne hivi, na friza iliyojaa huweza kufika saa 48. Hakuna sababu ya kuunguruma usiku kucha kwa ajili ya samaki. Ratiba inayofaa familia nyingi ni kuwasha saa kumi na mbili na nusu jioni, kuzima saa tatu au saa tatu na nusu usiku, kisha asubuhi kuwasha tena kwa muda wa saa moja au mbili. Ukiwa na betri na inveta ndogo, ichaji katika saa hizo. Feni na taa zitakupeleka hadi alfajiri kwa ukimya kabisa. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele zinaweka kiwango cha nje ya makazi kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku, na jenereta ya fremu wazi kwa mita 7 hupita mbali vyote viwili.

Na mwambie jirani kabla. "Shikamoo mzee, leo umeme haurudi mapema, tutawasha mashine hadi saa tatu. Kama moshi unawafikia nitumie ujumbe niisogeze." Kama ana mtoto mchanga au mgonjwa, mpe waya mmoja wa taa na feni. Ukishamgawia, mnapanga saa za kuzima pamoja, na yeye ndiye atakayekwambia moshi umegeuka kabla wewe hujajua.

Hatua ya sita: kuwasha, kuongeza mafuta, kuzima

Fanya kwa mpangilio huu kila mara. Mashine ikiwa imekaa sawa, angalia oili kwa kijiti chake. Angalia mafuta, nusa kama kuna petroli inayovuja. Chomoa vifaa vyote. Fungua koki, vuta choki, vuta kamba. Injini ikishika, rudisha choki taratibu, iache dakika tatu ipate moto. Kisha chomeka friji kwanza, subiri itulie, halafu vingine.

Jaza tanki kabla ya jua kuzama. Wakati wa kuongeza, zima na usubiri dakika 15 injini ipoe. Petroli ikidondokea ekzosi ya moto inawaka hapo hapo, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa au sigara ya mtu. Tumia tochi, kamwe si mshumaa wala kibatari. Usijaze hadi shingoni. Usiiache ikaishiwa mafuta ikiwa na mzigo, kwa sababu injini inapokata kwa kusuasua volti hupanda na kushuka, na televisheni ndiyo inayolipa.

Kuzima: toa vifaa vyote, iache dakika mbili tatu ikizunguka tupu, ndipo uzime. Umeme wa mtaa ukirudi, ngoja dakika kumi kabla ya kurudisha friji.

Petroli ya akiba ikae kwenye dumu maalumu la mafuta, si chupa ya maji wala dumu la mafuta ya kula ambalo mtoto anaweza kulinywa. Liwe nje ya nyumba, kivulini, limefungwa, mbali na jiko.

Hatua ya saba: itunze ili iwake siku unayoihitaji

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta sehemu ya majengo ya abiria ilibaki gizani kwa sababu jenereta moja haikuwaka. Kama ilitokea pale, itatokea stoo kwako.

Iwashe mara moja kwa mwezi, dakika 20, ikiwa na mzigo, nje. Petroli ikikaa miezi miwili huanza kupoteza nguvu na kuacha utando wa gundi ndani ya kabureta (sehemu inayochanganya petroli na hewa), na hicho ndicho chanzo cha kwanza cha mashine kukataa kuwaka. Baada ya kila matumizi, kama hutaihitaji wiki hiyo, funga koki ya mafuta na uache injini ijizime yenyewe, bila mzigo, hadi kabureta ibaki tupu.

Oili ya kwanza badilisha baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 100, au kila miezi sita. Kwa vumbi na joto letu saa 50 ni bora zaidi. Injini ya hosipawa 5 hadi 7 hubeba kama lita 0.6. Chujio la hewa la sponji lioshe kwa maji ya sabuni, likauke kabisa, ulidondoshee oili kidogo na ulikamue. Plagi ya injini ikiwa nyeusi ya masizi isugue, na nafasi kati ya ncha zake iwe milimita 0.7 hadi 0.8. Panya wanapenda kujenga ndani ya ekzosi ya mashine iliyolala. Iangalie kabla ya kuvuta kamba.

Andika saa za kazi kwa kalamu ya rangi kwenye tanki, pamoja na tarehe ya oili. Na wafundishe watu wawili zaidi nyumbani, dada wa kazi akiwa mmojawapo kama yupo, jinsi ya kuizima na umbali wa kuiweka, kwa sababu umeme utakatika ukiwa safarini.